Askofu Frank wa Zanzibar na Huruma ya Bwana Yesu



Hakuna mtu wa Kibaha asiyeijua Kariakoo. Huko ndiko tunakonunua vitambaa vya sare za kwaya, na vyombo vya harusi, na madaftari ya watoto kila Januari. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua jina hilo lilitoka wapi. Lilitokana na Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza, kilichokuwa na kambi yake mahali pale baada ya mji wa Dar es Salaam kutekwa mwezi Septemba 1916. Wenyeji walilisikia jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo hata leo.

Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliochukua mizigo ya jeshi kwa vichwa na mabega: unga, risasi, mahema, dawa. Magari yalikuwa machache, barabara hazikuwapo, na farasi na punda walikufa kwa sababu ya mbung'o. Basi mtu akafanywa punda. Makumi ya maelfu walikufa katika vita vile, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa, njaa na uchovu. Wengi hawana kaburi linalojulikana.

Katika mwaka huo huo wa 1916 palikuwa na kikosi kimoja cha wapagazi kutoka Unguja ambacho mkuu wake hakuwa mwanajeshi. Alikuwa askofu. Jeshi lilimpa cheo cha Meja, lakini watu wake walimjua kwa jina jingine: Bwana Askofu Frank. Huyo ndiye Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye tunataka kuwaeleza habari zake mwezi huu. Wengi wetu hapa mtaani tumekuja Kibaha kwa ajili ya kazi au masomo. Waliotoka Muheza, Korogwe na Masasi huenda wamelisikia jina lake kwa bibi zao. Waliotoka kwingine huenda hawajalisikia kabisa. Hata hivyo ni wetu sote, maana zamani zile Dayosisi ya Dar es Salaam ilikuwa bado. Ilianza mwaka 1965, na Askofu wake wa kwanza alikuwa John Sepeku. Kabla ya hapo sehemu zetu hizi za Pwani zilikuwa chini ya askofu aliyekaa Unguja.

Frank Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma shule ya Dulwich, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Oxford, akamaliza mwaka 1893 akiwa katika daraja la kwanza kwa elimu ya dini. Mtu mwenye cheti kama hicho angeweza kukaa Oxford maisha yake yote, akifundisha na kuandika vitabu. Yeye alikwenda Stratford, upande wa mashariki wa London, ambako chuo chake kilikuwa na misheni kati ya maskini. Pale palikuwa na karakana za reli, moshi, nyumba za kubanana, na watu ambao kanisa lilikuwa halina habari nao, nao hawakuwa na habari na kanisa. Alipewa ushemasi mwaka 1894, akafanya kazi hapo, kisha akahudumu miaka miwili katika kanisa la Mathayo Mtakatifu, Westminster.

Twadhani ni huko Stratford alikojifunza jambo ambalo hakuliacha tena: kwamba huruma ya Yesu haitoki juu ikamwagika kama mtu amwagavyo maji dirishani. Yesu alishuka. Alikaa chini na wenye dhambi, akala nao, akamgusa mwenye ukoma kwa mkono wake. Baadaye, mwaka 1907, Padre Weston aliandika kitabu juu ya jambo hili, juu ya Mwana wa Mungu alivyojinyenyekeza na kukubali mipaka ya ubinadamu wetu kweli kweli, si kwa kuigiza. Kitabu hicho kiliwashangaza wanachuoni wa Uingereza, maana kilitoka kwa mwalimu wa shule ya Unguja, mahali ambapo maktaba ilikuwa ndogo na kazi nyingi mno.

Maana mwaka 1898 alikuwa amejiunga na Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo wazee wetu waliiita UMCA, akaja Unguja. Mji aliofikia ulikuwa bado una harufu ya utumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Kristo lilikuwa limejengwa mahali pale pale, lakini ilikuwa ndiyo kwanza mwaka mmoja tangu sheria ya Sultani ya mwaka 1897 kuacha kuutambua utumwa. Aliyeingia kanisani Jumapili angeweza kukaa karibu na mtu aliyewahi kuuzwa mwenyewe. Mwenye kuhubiri huruma ya Mungu mahali kama pale hawezi kuhubiri maneno matupu. Waliomsikiliza walijua kwa miili yao maana ya kununuliwa, na maana ya kukombolewa.

Mwaka 1899 alianzisha chuo cha mapadre huko Mazizini, akakiita kwa jina la Marko Mtakatifu, jina ambalo sisi wa dayosisi hii twalifahamu vizuri. Kuanzia mwaka 1901 akawa mkuu wa chuo cha Andrea Mtakatifu, Kiungani, ambako vijana kutoka Bonde, Ruvuma na Nyasa walifundishwa ualimu. Alijifunza Kiswahili mpaka akawa anahubiri na kubishana kwacho bila kutafuta maneno. Jambo la maana zaidi ni kwamba hakuwaona mapadre Waafrika kuwa wasaidizi wa kudumu. Wakati ambapo Wazungu wengi, hata wa misheni, waliona Mwafrika atahitaji kuongozwa miaka mia, yeye alisema wazi kuwa Kanisa hapa litasimama kwa mapadre wake wenyewe.

Alipewa uaskofu mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 37. Dayosisi yake ilikuwa Unguja na Pemba, pamoja na Bonde, Pwani na Masasi katika bara ambalo wakati ule lilitawaliwa na Wadachi. Alikuwa akizunguka kwa miguu, mwendo wa majuma mengi, akitoa Kipaimara, akisikiliza maungamo, akiamua kesi za ndoa ambazo hazina mwisho. Wazee wa kanisa wanaojua kesi za ndoa watamhurumia. Mwaka 1911 alianzisha chama cha masista kwa jina la Mateso Matakatifu ya Bwana, na masista hao waliwauguza na kuwafundisha watu wetu kwa miaka mingi sana, Magila, Unguja, Masasi na kwingineko.

Tusimfanye kuwa malaika. Askofu Frank alikuwa mtu mkali. Wakristo walioanguka aliwapa adhabu ya toba hadharani, na kanuni zake zilikuwa ngumu. Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta njia ya kushirikiana. Mwisho wa mkutano walishiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri, na kati yao walikuwamo maaskofu wa Mombasa na Uganda. Askofu Frank aliposikia, aliwashitaki ndugu zake hao wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba wamepotoka katika imani. Ugomvi ukavuma mpaka katika magazeti ya London. Sisi twaona kwamba hofu yake ilikuwa na msingi, kwa kuwa alitaka Wakristo wa Afrika wapewe imani nzima na sakramenti zote, wasipewe nusu. Lakini namna aliyowashambulia ndugu zake haikuwa na upole wa yule Bwana aliyempenda. Jambo moja la kumshukuria Mungu ni kwamba mwaka 1920, maaskofu wote walipokutana Lambeth, na wengi wakiogopa kuja kwake, alishiriki kwa moyo katika kuandika mwito wa umoja uliotumwa kwa Wakristo wote. Watu waliotazamia simba walimkuta ndugu.

Turudi kwenye vita. Mwaka 1914 ulipokwisha kufika, Wamisionari Waingereza waliokuwa bara walishikwa na Wadachi. Waliopata taabu zaidi ni mapadre na walimu Waafrika wa misheni. Walidhaniwa kuwa wapelelezi wa Waingereza; walifungwa, walitiwa minyororo, walipigwa, na wengine hawakurudi nyumbani. Askofu alikuwa Unguja, ng'ambo ya maji, asiweze kuwafikia. Twaweza kufikiri jinsi sala zake zilivyokuwa usiku.

Ndipo serikali ikataka wapagazi kutoka Unguja. Habari za yaliyowapata wapagazi zilikuwa zimekwisha kuenea, na watu walikuwa na hofu. Askofu Frank angeweza kuandika barua ya kulalamika, na alijua sana kuandika barua. Badala yake alijitolea kukusanya kikosi yeye mwenyewe na kwenda nacho. Alivuka nao bahari wakafanya kazi huku bara, wakati majeshi yalipokuwa yakitoka Bagamoyo kushuka Dar es Salaam. Alikwenda kwa miguu pamoja na watu wake, akihakikisha wanakula, wanatibiwa na hawapigwi ovyo. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani kwa kazi ile. Hatudhani kwamba nishani ilimshughulisha sana.

Hapa ndipo tunapoona shukrani ilivyo. Katika Injili twasoma juu ya wakoma kumi walioponywa, na mmoja tu akarudi kushukuru. Sisi wahubiri huwa tunawalaumu wale tisa kwa kutokurudi kusema asante, na ni sawa. Lakini Askofu Frank alifundisha kwa maisha yake kwamba kuna kurudi kwa namna nyingine: mtu aliyehurumiwa na Yesu humrudia Yesu pale Yesu alipo, na Yesu yupo pia kwa mwenye mzigo kichwani. Aliyehurumiwa akakaa nyumbani akiimba tu, huyo amekwenda nusu ya njia.

Baada ya vita ukaja mtihani mgumu zaidi. Mwaka 1918 Askofu Frank alikuwa ameandika kijitabu juu ya ukatili wa utawala wa Wadachi kwa Waafrika, na Waingereza walikipenda sana. Mtu akiyasema maovu ya jirani, nyumbani humshangilia. Lakini mwaka 1919 Gavana wa Kenya, Northey, alitoa waraka ukiwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua maana ya kuhimizwa na chifu ambaye naye anahimizwa na bwana shauri. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na mkuu wa misheni ya Waskoti, walitoa maoni yao. Waliona hatari, wakaomba watu walindwe, lakini wakakubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuruhusiwa kwa muda, mradi iwekewe sheria.

Askofu Frank alikataa katakata. Kwake yeye, kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa faida ya mwingine ni utumwa uliobadilishwa nguo. Alipokwenda Uingereza mwaka 1920 alichapisha kijitabu kingine, safari hii dhidi ya taifa lake mwenyewe, akisema kwamba yale waliyowalaumu Wadachi sasa wanayafanya wao. Hakushangiliwa kama mara ya kwanza. Lakini yeye na wengine waliopiga kelele hawakunyamaza, na mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Churchill, aliagiza kwamba maofisa wa serikali wasiwatafutie tena walowezi vibarua. Kazi ya lazima haikwisha yote siku ile. Iliendelea miaka mingi katika kazi za serikali. Hata hivyo mlango mmoja mbaya ulifungwa.

Tumefikiri sana juu ya jambo hili tulipokuwa tukiandika. Askofu ambaye kiti chake kilikuwa katika kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa hakuweza kupanda madhabahuni asubuhi, akaukubali utumwa jioni. Je, sisi? Hapa Maili Moja kuna vijana wanaosukuma mikokoteni tangu alfajiri, na sisi hugombana nao kwa shilingi mia mbili. Katika nyumba zetu, za Wakristo wanaopokea Komunio Takatifu kila Jumapili, kuna wasichana wa kazi waliotoka mbali. Wapo wanaolala jikoni. Wapo ambao mshahara wao unawekwa na mama mwenye nyumba kwa miezi, kisha unakatwa kwa sababu ya sahani iliyovunjika. Wapo ambao hawajawahi kupewa nafasi ya kuja kanisani, kwa kuwa lazima mtu abaki kupika wakati sisi tunakwenda kumshukuru Yesu kwa huruma yake. Hatumtaji mtu. Kila mmoja anaijua nyumba yake.

Mwezi Julai 1923 palikuwa na mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London, maelfu ya watu, na Askofu Frank alikuwa mwenyekiti. Walikuwa Wakristo wa namna yetu, wanaopenda Misa yenye uvumba na mishumaa, wanaoiheshimu Sakramenti iliyohifadhiwa katika tabenakulo. Kwa miaka mingi walikuwa wamepigania mambo hayo dhidi ya wakubwa waliowakataza, na sasa walikuwa wakifurahia ushindi. Siku ya mwisho askofu wao kutoka Unguja alisimama kuwaaga. Aliwaambia, kwa kifupi, kwamba wamefanya vema kupigania tabenakulo, lakini mtu hawezi kudai kumwabudu Yesu katika Sakramenti ikiwa hana huruma kwa Yesu aliye katika vibanda vya maskini. Akawaambia watoke, wakamtafute Bwana kwa walio uchi, walioonewa na waliokata tamaa, na wakimpata wawe tayari kumwosha miguu. Hotuba hiyo imekumbukwa na Waanglikana duniani kote kuliko kitu kingine chochote alichosema au kuandika. Wengi wanaoikumbuka hawajui kwamba aliyeitoa alikuwa amejifunza hayo kwa watu wetu, katika njia zetu za Pwani na Bonde.

Alirudi katika dayosisi yake akiwa amechoka. Mwaka uliofuata, akiwa safarini katika Bonde, alipatwa na jipu baya mgongoni. Wakati ule hapakuwa na dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo sasa. Leo ugonjwa ule ungetibiwa hapa hapa Tumbi, na mgonjwa akarudi nyumbani kwa daladala. Sumu ikaingia katika damu. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa linawaombea marehemu wote. Alikuwa na umri wa miaka 53, na kati ya hiyo 26 aliitoa huku kwetu. Walimzika huko huko Bonde, kati ya watu aliowatembelea kwa miguu.

Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi yenye askofu wake. Na mwaka mmoja tu baada ya mazishi, yaani 1925, chuo cha Andrea Mtakatifu kilihama kutoka Kiungani, kikavuka bahari na kuja Minaki, katika Wilaya ya Kisarawe, jirani zetu hapa. Serikali iliichukua Minaki baada ya Uhuru, na vijana wanaosoma huko leo ni wa dini zote. Askofu Frank hakuiona Minaki, lakini shule iliyoletwa pale ndiyo aliyoiongoza.

Misa ya Marehemu Wote itakuwa kama kawaida tarehe 2 Novemba. Wenye majina ya marehemu wao wayaandike kwa herufi zinazosomeka na kuyaleta kwa wazee wa kanisa mapema, maana mwaka jana mengine yaliletwa padre akiwa amekwisha kuvaa kasula. Jina la Frank, Askofu, tutaliandika sisi, na chini yake tutaacha mstari mmoja kwa ajili ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote.